Kimbunga na Ile Sifuri

Daktari amenikataza kukasirika. Kisha, kwa kuwa hanijui vizuri, akaniambia nijipumzishe kwa kuandika chochote kinachonijia kichwani. Kinachonijia ni Kimbunga, na kila nikimfikiria mapigo ya moyo yanapanda. Basi lawama ni za daktari, mimi simo.

Kimbunga ni dereva wa gari la wagonjwa. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho anachoning'iniza shingoni kikiwa kimegeuka nyuma mbele, lakini hospitali nzima, kuanzia wakubwa hadi wafagiaji, hakuna anayelitumia. Ni mtu mfupi, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyesikia anaitwa. Kutembea hajui, anakimbia tu. Chai anainywa amesimama, na ikiwa ya moto anaimiminia maji ya bomba ili asipoteze muda wa kuipuliza. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado anabebwa mgongoni, akamlea peke yake, na nywele za mtoto alizisuka kwa mbio hizo hizo, upande mmoja mafundo manene, upande wa pili nyuzi. Mtoto akienda shule hivyo hivyo.

Mimi ni nesi. Kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuitaja nimekaa nyuma ya gari lake, kwenye kile kibenchi cha pembeni ya machela, mkono mmoja nimeshika mgonjwa, mwingine nimeshika mtungi wa oksijeni usiniangukie, huku nikitazama kisogo cha Kimbunga kupitia kidirisha. Kisogo kile nakijua kuliko ninavyoujua uso wake. Nimekisema, nimekikaripia, nimekibembeleza, nimekiombea dua. Ni kama kimewekwa pamba masikioni.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Simu ikilia kwenye chumba cha simu, yeye kule kwenye banda la magari alikuwa tayari ameshawasha injini. Dada wa Simu ni mtu wa taratibu. Kwanza anamtuliza anayepiga, ndipo anauliza kuna nini, ndipo anauliza ni wapi. Kimbunga alimpa nafasi ya neno moja. Akishasikia "shuleni" au "kituo cha polisi," gari limeondoka. "Mengine mtaniambia njiani!" anapaza sauti, na Dada wa Simu anabaki dirishani akipunga mkono kama mtu anayeaga ndugu. Simu ya upepo ipo garini, ndiyo, lakini king'ora kikishaanza humo ndani huwezi kusikia hata mawazo yako mwenyewe.

Mnaweza kukisia kilichotokea. Mji wetu una masoko mawili. La zamani liko juu, upande wa kaskazini, na jipya liko chini, ng'ambo ya reli. Siku hiyo bibi mmoja alikuwa ameteleza sokoni akavunjika nyonga, na Kimbunga alisikia "sokoni," basi. Tulipanda kaskazini kwa kasi ambayo sijapata kuiona maishani. Magari yalipanda kingo za barabara kutupisha. Mimi nyuma nilishikilia machela kwa miguu na mikono. Tulipofika soko la zamani aliruka nje, akamkamata muuza machungwa wa kwanza aliyemwona.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa gani?" akauliza yule mtu wa watu.

Tukageuza. Tukateremka mji mzima, tukafika relini tukakuta geti limefungwa na treni ya mizigo inajikokota bila wasiwasi wowote. Bibi tulimkuta amelazwa juu ya boksi lililokunjuliwa, jua linampiga usoni, mtu mmoja anamkinga kwa ungo. Alipona, nashukuru. Lakini wakati namfunga mikanda alinishika mkono akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, niliwasikia. King'ora kilikuwa kinakwenda mbali." Maneno yale sijawahi kuyatoa kichwani.

Na huyu bwana? Tulipomkabidhi bibi kwa madaktari alinijia anapangusa jasho, uso umemkunjuka. "Lakini Sista, umeona tulivyofika sokoni chap chap?"

"Soko lipi, Kimbunga?"

"Lile la kwanza."

Nilitamani kumpiga na mtungi.

Mkuu wa usafiri hakutamani, alimwita ofisini. Alimwambia mbele yangu, bila kupandisha sauti, kwamba akipotea tena safari moja tu atahamishiwa gari la mashuka. Gari la mashuka linatoka wodini kwenda chumba cha kufulia nyuma ya jiko, na linarudi. Halina king'ora. Hakuna anayelipisha njia, hata paka wa jikoni halipishi. Kwa Kimbunga hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa atazikwa akiwa hai, kwa sababu hajawahi kuwa kitu kingine zaidi ya dereva wa gari la wagonjwa na hataki kuwa. Binti yake aliniambia kuwa hata usingizini mguu wa kulia wa baba yake unakanyaga mafuta. Siku ile hakunywa chai kabisa.

Nikadhani amekoma. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekoma. Kesho yake akanijia na suluhisho lake.

"Nimefikiri, Sista. Dawa ni kuongeza kasi. Nikiongeza kasi, hata nikipotea, nitakuwa nimesharudi kabla hawajajua."

Kuna mambo ukiyajibu unajizeesha bure.

Sasa niingie kwenye ile sifuri. Binti yake siku hizi yuko sekondari. Akitoka shule huja kumsubiri baba yake kwenye chumba cha madereva, anakaa kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi, anafanya kazi zake za shule. Jioni moja nilimkuta anakuna kichwa kwa kalamu.

"Shangazi, hebu sikia hili," akasema, akanisomea. Gari la wagonjwa linatoka hospitali, linamfuata mgonjwa, linarudi hospitali kwa njia ile ile. Umbali wamepewa, muda wamepewa. Watafute wastani wa kasi ya gari kwa safari nzima, kisha wastani wa velositi yake.

Mimi fizikia niliiacha darasani na sikuwahi kurudi kuichukua, kwa hiyo nilijifanya nafunga kamba za viatu. Kimbunga hakujifanya kitu. Swali la gari la wagonjwa, nani alijibu kama siyo yeye?

"Andika namba ile ile mara mbili," akasema. "Kasi ni kasi. Hiyo velositi ni kasi iliyovaa tai."

"Baba, mwalimu alisema ni vitu viwili."

"Mwalimu amewahi kuendesha ambulensi?"

Mtoto mtiifu, akaandika. Baada ya siku kadhaa akarudi na alama ya kosa, wino mwekundu, na pembeni mwalimu amemwandikia jibu sahihi: wastani wa velositi ya gari ni sifuri.

Mimi nilikuwepo Kimbunga aliposoma. Alisoma mara ya kwanza, akasoma tena, akaligeuza daftari kana kwamba jibu jingine liko upande wa pili.

"Sifuri," akasema. "Mimi nimetoka jasho, nimepita kwenye foleni, nimemleta mgonjwa mzima, halafu sifuri?"

"Siyo wewe, baba. Ni gari."

"Na gari linaendeshwa na nani?"

Akavua koti la kazi, akavaa shati la heshima, akatangaza kuwa anakwenda shule kumwona huyo mwalimu. Nami niende, niwe shahidi. Shahidi wa nini, sijui mpaka leo. Zamu ilikuwa imekwisha, miguu imenivimba, nilikuwa nakitaka kitanda changu na kingine chochote sikutaka. Lakini nilijua nikimwacha aende peke yake atagombana na shule isiyo yenyewe.

Mwalimu wa fizikia alikuwa mwanamke kijana mwenye chaki mpaka kwenye kiwiko. Alimsikiliza Kimbunga mpaka mwisho, jambo ambalo sina uhakika kama kuna mtu aliwahi kumfanyia. Kisha akatutoa nje kwenye baraza.

"Baba," akasema, "unaliona lile bomba? Kimbia mpaka pale, uliguse, urudi hapa mlangoni. Kwa kasi yako yote."

Loo, hakusubiri aambiwe mara mbili. Alikimbia na shati la heshima likipepea nyuma, wanafunzi wakapiga kelele madirishani, akaligusa bomba, akarudi anahema na kucheka. Binti yake alikuwa amejificha nyuma yangu kwa aibu.

"Ulikuwa na kasi?" mwalimu akauliza.

"Si umeona mwenyewe!"

"Nimeona. Ulianzia wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Na sasa uko wapi?"

Kimbunga akatazama chini, akatazama mlango. "Hapa mlangoni."

"Basi. Kasi inauliza umepita njia ndefu kiasi gani, kwa muda gani. Ulikokuwa unaelekea haijali. Velositi inataka kujua umehama kiasi gani kutoka ulipoanzia, kwa muda gani, na kuelekea upande gani. Ulipokwenda, velositi yako ilielekea bombani. Ulipogeuka, ikaelekea mlangoni, kinyume kabisa. Lakini ukichukua safari nzima, hujahama. Kasi ulikuwa nayo ya kutosha. Wastani wa velositi ni sifuri."

Siwezi kuficha raha niliyoisikia. Miaka yote ile nilikuwa nimetafuta maneno, na kumbe yalikuwa yanafundishwa kwa watoto. "Mwambie na habari ya masoko mawili," nikadakia, nikamsimulia mwalimu yote, mpaka muuza machungwa.

Mwalimu hakucheka. Alichora kwenye sakafu nukta moja, akachora mishale miwili yenye urefu sawa, mmoja unapanda, mmoja unashuka. "Magari mawili yakitoka hapa kwa kasi moja, hili kaskazini, hili kusini, kasi yao ni sawa. Velositi zao siyo sawa hata kidogo. Mgonjwa akiwa huku chini na wewe ukaenda huku juu, basi baba, kila ukikanyaga mafuta unamkimbia."

Hapo Kimbunga akakaa. Namwambia mtu yeyote, Kimbunga alikaa chini, kwenye ukingo wa baraza, kitu ambacho nilikuwa sijakiona nje ya usukani. Nikafikiri sasa limemwingia, twende nyumbani. Akanyanyua kichwa.

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa yupi?"

"Yule wa kwenye swali. Gari lilitoka hospitali, likarudi hospitali, haya, sifuri, nimekubali. Lakini mgonjwa alikuwa kwake, sasa yuko hospitali. Naye ni sifuri?"

"Hapana," mwalimu akasema. "Yeye amehama. Velositi yake siyo sifuri." Akamchorea mshale mwingine, kutoka kijumba kidogo mpaka hospitali, akamwachia kipande cha chaki mkononi.

Kimbunga aliufuata mshale ule kwa kidole, tangu kijumbani mpaka hospitali, mimi nimesimama kwenye miguu yangu iliyovimba. "Basi gari liwe sifuri," akasema mwishowe. "Sina ugomvi." Akamshika binti yake begani, tukaondoka, na kwa mara ya kwanza alitembea.

Nilikuwa nimeomba abadilike. Niliomba vibaya. Nilipaswa kuomba abadilike kidogo.

Tangu siku ile hakuwasha gari mpaka ajue mshale. Simu ikilia alikwenda kusimama dirishani kwa Dada wa Simu, ameshika ile chaki, na maswali yakaanza. Ni upande gani wa reli? Ukitoka barabara kubwa unakata mkono gani? Mlango unatazama wapi? Akishajibiwa yote anakwenda garini, anachora mshale kwenye dashibodi, anautazama, ndipo anawasha. Dada wa Simu alikuja kunililia. "Sista, mwanamke yuko kwenye uchungu, mumewe amechanganyikiwa, huyu ananiambia niulize mlango unatazama wapi! Nimetukanwa leo matusi ambayo sijawahi kuyasikia."

Mimi niliyemaliza miaka nikikipigia kisogo kile kelele za "Subiri!" sasa nilikipigia kelele za "Twende!" Kisogo ni kile kile na hakikusikia vilevile. Mkuu wa usafiri naye akaanza kuona gari linachelewa kutoka, akamkumbusha kwamba ile nafasi ya mashuka bado iko wazi. Kimbunga akaitikia, "Ndiyo, mkuu," na safari iliyofuata akauliza maswali yake yote. Niseme ukweli, hatukupotea tena hata mara moja, na kwa jumla tulifika mapema kuliko zamani. Hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana ungemgombeza kwa lipi?

Siku yenyewe nilikuwa mapumzikoni. Mwanangu alikuwa amehamia nyumba mpya, ng'ambo ya reli, nyuma ya bohari ya saruji, na nilikwenda kumtundikia mapazia kwa sababu yeye na mkewe wangekaa bila mapazia mpaka wajukuu wazaliwe. Wote wawili walikuwa kazini. Nilipanda juu ya kiti, nikanyanyua mikono, na kitu kizito kikanikalia kifuani.

Nilijua ni nini. Nimewaeleza watu wengi ni nini. Nilishuka kwenye kiti nikajilaza sakafuni, pazia limenifunika miguu, jasho jembamba linanitoka, nikapiga chumba cha simu. Nikasema ni mimi. Nikasema kifua. Nikasema njooni upesi. Mahali sikusema. Mimi, niliyemfundisha kila nesi mpya kwamba kwanza mahali, sikusema mahali.

Dada wa Simu, na utaratibu wake wote, aliangua kilio. "Ni Sista! Moyo! Kimbunga, ni Sista!" Simu haikukatwa, nilisikia kila kitu. Nilisikia viatu vinakimbia. Nilisikia sauti ya mkuu wa usafiri: "Washa gari! Yuko mapumzikoni, nenda kwake! Kwake unakujua, si ndipo unapomshusha kila jioni!" Na ni kweli, kwangu anakujua akiwa amefumba macho. Kwangu ni juu, kaskazini, karibu na matangi ya maji.

Nikasubiri injini. Injini haikulia.

"Dada, nipe simu," nikamsikia Kimbunga.

"Kimbunga!" Mkuu sasa alikuwa amepandisha sauti. "Ukilichelewesha gari hili kwa maswali yako, usukani huo hutaushika tena. Nakuapia."

"Sawa, mkuu. Dada, nipe simu."

Kisha sauti yake ikaja karibu, tulivu kabisa, kana kwamba ananiuliza kama nina kiberiti.

"Sista. Uko upande gani wa reli?"

Hasira niliyoisikia nadhani ndiyo iliyoniweka hai. "We mwanaume hamnazo," nikamwambia, kila neno nalivuta kwa kamba, "mimi nakufa, unaniuliza reli?"

"Nakuuliza. Upande gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wote kule walikuwa wanatazama kaskazini. Dereva mwingine yeyote, na huyu huyu wa zamani kuliko wote, angekuwa ameshafika nusu ya mlima, king'ora juu, anavunja rekodi.

"Wa chini," nikasema. "Kwa mwanangu. Ile nyumba mpya."

"Mlango unatazama wapi?"

"Bohari ya saruji."

"Umefungwa?"

"Umerudishiwa tu."

"Usiinuke," akasema, na ndipo injini ikalia.

Dada wa Simu ameniambia kwamba gari lilipotoka getini likakata kushoto kwenda relini, mkuu wa usafiri alikimbia mpaka barabarani anapiga mayowe kuwa huyo kichaa amepotea tena. Ilibidi ashikwe mkono aelezwe. Tangu siku hiyo habari ya mashuka hajaitaja, na juzi nasikia ameagiza madereva wote wanunuliwe chaki.

Mimi nilikuwa sakafuni. King'ora nilikisikia kikiwa mbali sana, nikamkumbuka yule bibi juu ya boksi lake, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Cha kwake kilikuwa kinakwenda. Nikatega sikio, nikashika pazia kwa ngumi mbili. Hiki kilikuwa kinakuja.

Nesi kijana ndiye aliyekaa kwenye kibenchi changu. Nililazwa kichwa kikiwa upande wa dereva, kwa hiyo kisogo sikukiona, niliona dari tu na kutu yake. Nilijua kila kona. Kwenye matuta alipunguza mpaka gari likavuka kwa kunyata, na mimi moyoni namfokea aongeze, aongeze. Hakuongeza. Tulipofika hospitali alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, vumbi la chaki vidoleni, macho mekundu.

"Gari sifuri, Sista," akasema. "Wewe siyo."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Yale maswali, lile tuta la mwisho, miaka yote ya kisogo. Nilivuta barakoa ya oksijeni pembeni nimtukane mara moja tu, nipumue. Neno lililotoka lilikuwa asante, na hilo ndilo linalonikasirisha mpaka leo.